Karatasi ya Salamu

Chumba cha nyuma,
Nyumba ileile unayoijua.
Jumamosi, tarehe 12, saa tisa alasiri.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na naliweka hapa juu kabisa kabla woga haujanikamata mkono. Kila unapopiga simu na baba akaniita nije nikuamkie, huwa nasoma. Nina karatasi. Imekunjwa mara nne, inakaa mfuko wa kulia wa sketi, na naifungua chini ya meza mtu asione. Maneno yote uliyonisikia nikiyasema kwa miezi saba, pamoja na kale kacheko, yameandikwa pale.

Sasa ngoja nikuamkie inavyotakiwa.

Shikamoo Baba Mkubwa. Habari za huko? Wote wazima? Afya je, mwili unakubali? Na upande wa kazi, mambo yanasukumika? (Hapa nacheka kidogo.) Sisi huku hatujambo, tunasogeza siku. Mvua nayo imewakumbuka? Haya, nisikuchoshe sikio.

Umezisoma hizo salamu? Zirudie taratibu, moja moja. Natumaini zimekukaa vibaya tumboni.

Mwalimu wetu wa lugha anasema barua ya kirafiki hufunguliwa kwa upole. Basi upole wangu umeishia hapo.

Barua hii atakuletea mwenzake mama wa pale wanakoshona sare, yule fundi wa kola, anayesafiri Jumatano kuja huko kwa binti yake. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe, asimwachie Mama Mkubwa. Ningekuandikia kwa simu ingekufikia sasa hivi, ila simu sina. Kwa nini sina, unajua.

Au umesahau? Nikukumbushe. Ilikuwa Jumapili, leo siku ya ishirini. Tulikuwa tumemaliza kula, sahani bado ziko mezani. Baba aliiweka simu juu ya kikombe kilichofunikwa ili spika isikike vizuri, kama anavyofanya kila unapopiga, maana ukipiga wewe nyumba nzima inakaa wima. Shangazi Redio alikuwa amekuja kuazima pasi na akabaki, kama kawaida yake. Mimi nilikaa mwisho wa benchi karibu na mlango.

Mama ndiye aliyeanza. Siku hiyo alivaa kitenge chake cha kwendea maofisini, ndani ya nyumba, ili tu aongee na wewe. Alikueleza yote kwa mpangilio. Kwamba kwenye mtihani wa majaribio wa hesabu nilitoka ukumbini baada ya dakika ishirini, nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji, nikapata alama sita. Kwamba ule ukumbi una viti mia tatu vinavyokwaruza sakafu kwa pamoja, na taa ndefu zinazolia kama mbu, ambazo watu wote wanasema hazilii. Kwamba mwalimu wa darasa amesema nikileta ripoti ya daktari nitafanyia mtihani wa mwisho kwenye kachumba ka vitabu, peke yangu na msimamizi mmoja. Kwamba yeye mama ameshampata daktari wa watoto anayejua mambo ya usonji, na ana nafasi Jumanne.

Baba akasema, "Tumsikie kaka kwanza."

Nawe tukakusikia. Hukuvuta hata pumzi.

"Hana kitu huyo. Ni aibu na uvivu, basi. Ukoo wetu hauna mambo hayo. Mtoto ukimpa jina la ugonjwa, atalivaa kama nguo ya sikukuu, hutamvua tena."

Baba akauliza, "Na simu je? Anashinda nayo."

"Mpokonye. Huko mtandaoni ndiko anakofundishwa hayo."

Shangazi Redio akapiga paja. "Nilisema mimi! Sanamu nalo linaumwa?" Unajua kwamba ndilo jina langu hapa nyumbani, Sanamu, kwa sababu wageni wakija nasimama pale waliponisimamisha. Watu walicheka. Wewe pia ulicheka, nilikusikia. Sasa najua kicheko kile kimetoka mstari wa ngapi.

Mama aliinuka. Alizikusanya sahani moja baada ya nyingine, polepole, mpaka ile ya chini kabisa, akaenda nazo jikoni. Kesho yake asubuhi baba alisimama mlangoni na ovaroli lake la kiwanda cha uchapishaji, akampigia daktari, akasema, "Samahani sana, tumeona mtoto hana tatizo." Sauti aliyotumia ilikuwa yako. Akisema jambo kwa uhakika huwa anaiazima sauti yako, kwa kuwa wewe ndiye uliyemlea wazazi wenu walipofariki. Kwa baba, ulichosema wewe kimeshatokea.

Simu yenyewe aliichukua usiku uleule wa Jumapili. Iko kwenye droo ya sanduku la vifaa, pamoja na bisibisi. Hata chaji hawajui kuiwekea.

Sasa nikwambie kilichokuwa ndani ya hiyo simu.

Kwanza nilipata neno, na nililipata kwa lugha ya shule. Kwa lugha ya nyumbani nilikuwa na maneno mengine: Sanamu, Kiziwi wa Makusudi, Mwenye Dharau. Nilianza kusoma vikundi vya watu wa mbali, wanaoandika lugha ya shule kwa kasi kama wanagombana. Nilijifunza mengi kwao, siwasemi vibaya. Lakini walikuwa wanaongelea vyumba vyao wenyewe, daktari wao wa kila wiki, vifaa vya kuziba masikio vya aina nne, nami nikawa kama mtu anayechungulia duka lililofungwa. Siku moja mtu mmoja kule akaniuliza lugha ya nyumbani kwetu ni ipi. Nilipomjibu akanipa anwani.

Jukwaa lile linaitwa Sebule. Tupo watu mia mbili na kumi na wawili, wote tunaandika Kiswahili, na hakuna anayeulizwa anatoka wapi. Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja ameandika kwamba yeye ana usonji, ana watoto watatu, na leo amechoma maharage kwa sababu alikuwa anapanga vifuniko kwa ukubwa. Alilitaja neno lile katikati ya sentensi kama mtu anavyotaja urefu wake. Nilikaa sakafuni, Baba Mkubwa. Sikujua kama linaweza kusemwa hivyo, na maharage kando yake.

Sebule ina masharti machache. Hakuna jina la kweli wala sura. Hakuna anayelazimika kujibu. Ukitaka tu watu wajue upo, unaweka nukta moja. Jumamosi mchana tunashinda pamoja: kila mtu anaelekeza kamera kwenye mikono yake, anafanya kazi yake, sauti imezimwa. Mmoja anafuma, mwingine anamenya viazi, kuna mwanafunzi huwa anapanga misumari tu. Na sharti la kwanza, lililoandikwa juu ya yote, ni kwamba hakuna anayemtoa mwenzake nje. Ulichokijua mle kinabaki mle.

Mimi kule naitwa Kofia.

Nimeacha kuandika kidogo ili nikuache ulisome jina hilo.

Aliyenifungulia mlango anaitwa Bawabu. Bawabu ndiye anayepokea wageni wote. Aliniandikia, "Karibu Kofia. Kaa popote. Hapa hatuangaliani usoni." Nilimuuliza swali moja tu, kwa sababu lilikuwa linanitesa tangu utotoni: mtu unafanyaje ukipewa simu ghafla uamkie ndugu, na nyumba nzima inakusikiliza? Sikutegemea jibu. Jioni ileile Bawabu akaweka Karatasi ya Salamu. Ina pande mbili, upande wa anayepiga na upande wa anayepigiwa, na ndani ya mabano amemwekea msomaji kila kitu: hapa cheka kidogo, hapa hesabu mpaka tatu, hapa sema jina la mtu mmoja aliyeumwa. Chini ameandika kwamba yeye mwenyewe ameitumia miaka ishirini na sita na mke wake hajui.

Watu themanini na wanne waliinakili. Msafisha Madirisha, mwenzetu wa Sebule, aliandika kwamba ameitumia ukweni, na mama mkwe amesema siku hizi amekuwa mchangamfu. Tulicheka wiki nzima. Mimi niliinakili kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu mzuri, kama mtu anayenakili dua.

Bawabu alikuwa mtu wangu, Baba Mkubwa. Nasema "alikuwa". Nilimwambia habari ya ukumbi na taa. Nilimwambia kwamba nikiitwa Sanamu nahisi kama kweli miguu inakuwa ya saruji. Naye aliniambia anafanya kazi ndani ya ukuta, peke yake, na kwamba kule ndani ndiko anakopumua. Nilidhani ni fundi umeme. Mwenzetu Betri Kumi alidhani ni panya anayejua kuandika. Jumamosi niliiona mikono yake ikisugua vigurudumu vya chuma kwa mswaki wa meno, imevaa glavu za bluu, na ilinituliza kuliko kitu chochote katika nyumba hii.

Jumapili ile, baada ya "hana kitu huyo", nilijifungia bafuni na simu. Nilikuwa na kama saa nne hivi kabla haijachukuliwa, ingawa sikujua ni ngapi. Niliiweka kwenye kisahani cha sabuni, nikawa nalia kwa taulo mdomoni. Nikafungua Sebule nimweleze Bawabu. Nikamkuta ameniwahi, ameandika yake. Nayakumbuka maneno yale bila karatasi:

"Leo nimemfanyia mtoto wa ndugu yangu jambo baya. Wameniuliza juu yake nikamkana. Nikisema anacho, watauliza amekitoa kwa nani."

Nawe unayakumbuka, nina hakika. Na unakumbuka nani alikuwa wa kwanza kukujibu.

Mimi niliacha kilio changu. Nilifuta vidole kwa taulo ili kioo cha simu kinisikie, nikaandika: "Bawabu, usijitafune. Ulitishika. Mtoto huyo akija kujua ataelewa. Mimi ningeelewa." Yangu sikuyasema tena. Niliona yako ni mazito zaidi. Niliwaza tu kwamba kumbe baba wakubwa wako hivi dunia nzima. Hata wazo kwamba ni wewe halikupita mlangoni, kwa sababu wewe ni mtu mwenye sauti ile.

Ukaweka nukta moja. Nikafurahi kuiona. Nilifurahi, Baba Mkubwa, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yamevimba kwa ajili yako.

Jumapili iliyopita ukapiga tena. Baba akanipa simu bila kunionya, alinisukumia tu, "Haya muamkie baba yako mkubwa, usisimame kama mlingoti." Nikaichomoa karatasi upesi na nikaifungua upande usio wake. Wewe ndiye uliyepiga, lakini mimi ndiye niliyesoma upande wa anayepiga. Nilitambua kosa nikiwa nimeshafika katikati, na mimi nikishaanza mstari siwezi kuuacha, nikakuuliza mpaka mwisho: na upande wa kazi, mambo yanasukumika?

Ukajibu, "Yanasukumika, ingawa mengine yanataka kusukumwa na jirani."

Ukacheka kidogo.

Kisha ukanyamaza. Kwenye karatasi, baada ya jibu hilo, kuna mabano: hesabu mpaka tatu. Nilihesabu pamoja na wewe. Moja. Mbili. Tatu. Ukasema, "Haya, nisikuchoshe sikio," ukakata.

Nilibaki nimeishika simu. Baba akasema, "Unaona? Akitaka anaweza." Shangazi Redio akaongeza kwamba leo nimeongea mpaka nimemchosha mkubwa. Kumbe miezi yote tulikuwa watu wawili tunasomeana karatasi moja, kila mmoja amekodolea mistari yake asisikie ya mwenzake, na kila mmoja anamwonea mwenzake wivu kwa jinsi anavyojua kuongea.

Sikutaka kukuhukumu kwa mstari mmoja. Jumatano mkutubi wa shule aliniruhusu dakika kumi na mbili kwenye kompyuta, nikaingia Sebule na kusoma maandishi yote ya Bawabu tangu mwanzo. Ndani ya ukuta. Shimo lenye kamba za chuma. Mke asiyejua. Watoto wawili wa kiume waliozaliwa siku moja. Na mdogo wake aliyemlea, mwenye binti "anayefanana na mimi mpaka naogopa kumtazama". Lifti, Baba Mkubwa. Unatengeneza lifti. Nani mwingine anafanya kazi ndani ya ukuta?

Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa asubuhi hiyohiyo: "Kofia, leo siku ya kumi na saba kimya. Nimekuwekea kiti karibu na ukuta."

Nilizima kompyuta bila kuaga, mkutubi akanigombeza. Wewe ndiye uliyeagiza ninyang'anywe mlango, halafu unasimama upande wa pili unauliza mbona siingii. Kiti chako kikalie mwenyewe.

Kuna kitu kingine kinanichoma na nitakisema. Ulipokuja miaka minne iliyopita, watu walijaa hapa siku tatu kukusalimu. Wewe siku zote tatu ulikuwa stoo unatengeneza pampu ya maji. Pampu haikuwa mbovu. Mimi najua, kwa sababu nilikuwa stoo pia, nyuma ya magunia, nimewakwepa wageni walewale. Uliniona. Hukunitazama usoni, ulitazama sikio langu la kushoto, kama mimi ninavyotazama masikio ya watu. Ulinipa nati na bolti nizifungue na kuzifunga, tukakaa hivyo mpaka jioni bila neno, na ilikuwa siku nzuri kuliko siku zote za mwaka ule.

Tulipotoka, watu walikwambia, "Huyu kweli mtu wa kazi, hata likizo hapumziki." Mimi niliambiwa sina adabu, nimemkimbia mgeni. Ulikuwa umesimama pale. Ungeweza kusema neno moja. Ulinawa mikono ukaenda kula. Wewe ukijificha ni mchapakazi, mimi nikijificha nina dharau, na tofauti yetu ilikuwa bisibisi tu.

Kwa hiyo nasema hivi. Ule msamaha niliokupa bafuni, nauchukua tena. Niliutoa kwa niaba ya mtoto nisiyemjua. Sasa namjua, na yeye hajakusamehe. Hata hajaanza.

Najua unachoogopa. Ulikieleza vizuri Sebule, hukuacha kitu. Unaogopa kwamba watu wanaokusikiliza wewe wataanza kukusikiliza kama wanavyonisikiliza mimi. Ni woga wa kweli, na mimi ndiye shahidi wako, kwa sababu naishi ndani yake kila siku, bila heshima ya ukubwa ya kujifunikia. Umeukimbia kwa kunisukumia mimi. Usiuite jina jingine.

Ninachotaka ni hiki. Daktari amemwambia mama kwa siri kwamba nafasi ipo mpaka tarehe ishirini na nane. Karani wa shule anapokea ripoti mpaka tarehe thelathini, baada ya hapo orodha inafungwa, nami nitarudi kwenye viti mia tatu, na tangi la maji liko palepale. Mpigie baba. Mwambie, "Mpeleke mtoto kwa daktari." Ni maneno manne, hayahitaji karatasi. Lako la moyoni sikuombi uliseme. Libaki lako mpaka siku utakayotaka, hata kama siku hiyo haitakuja.

Na usipopiga? Najua unasubiri nikutishe. Ungekuwa wewe ungetishia. Nimefikiria sana, nikiwa na hasira ambayo inanitia joto masikioni, kumwambia baba kila kitu kwenye meza ileile, Shangazi Redio akiwa hapo na pasi yake. Lakini sharti la kwanza la Sebule ni lile, na nililiapia. Sitakutoa nje. Usidhani nakuhurumia. Nataka nibaki na mahali ambapo neno la mtu linasimama, na mahali hapo palijengwa na Bawabu, bahati mbaya.

Leo ni Jumamosi. Saa hizi Sebule wamekaa, mikono yao iko kwenye kazi, na yako imo.

Tangu nianze barua hii nimeifunika mara mbili kwa atlasi. Mara ya kwanza mama aliingia kuchukua mkasi. Mara ya pili Shangazi Redio alisukuma kichwa mlangoni. "Unaandika nini Sanamu, barua ya mchumba?" Nikamwambia nachora mito. "Mito gani inajaa kurasa nne?" Nikamtazama sikio mpaka akaondoka.

Nimechoka kufunika. Kurasa hizi nne nazikunja sasa, naziweka ndani ya bahasha, naigundisha. Ndani yake utakuta na Karatasi yako ya Salamu, nimekurudishia, mwandiko wangu mzuri na yote. Jumapili ukipiga nitakuja kwenye simu mikono mitupu. Nikinyamaza, nyamaza na wewe. Usihesabu.

Ukurasa wa tano utakuja peke yake, umekunjwa nje ya bahasha. Huo nauandika kwa namna ambayo mtu yeyote akiingia anaweza kuusoma.


Ukurasa wa tano

Mpendwa Baba Mkubwa,

Huu ndio mwisho wa barua yangu, na ni mfupi.

Nisalimie Mama Mkubwa. Mwambie gauni alilonitumia lilikuwa na kitambulisho cha nailoni shingoni kinachokwaruza, mama amekikata, sasa nalivaa. Nisalimie kaka zangu mapacha, waambie lile fumbo la vipande elfu moja nilimaliza kwa siku mbili na hakuna kipande kilichopotea, waache uongo. Huku mama anakusalimu, amechoka lakini hajalala kitandani. Shangazi Redio hahitaji kusalimu, ungemsikia hata bila simu.

Mungu akulinde ndani ya mashimo yako ya lifti, kamba zisikatike, na kila ukishuka akupandishe tena.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna maneno umeyasema mbele ya meza nzima, na mimi sikuyajibu kwa sababu sikuwa na mstari wa kusoma. Najibu sasa. Ulisema sina kitu. Ninacho. Kinaitwa usonji, nimekuwa nacho tangu nizaliwe, sikukitoa mtandaoni. Huko nilikwenda kutafuta wenzangu, nikawapata. Nataka kwenda kwa daktari kabla ya tarehe ishirini na nane. Nataka kufanyia mtihani kwenye kile chumba cha vitabu. Najua hesabu zote zilizokuwa kwenye karatasi ile ya alama sita, nilizifanya baadaye nyuma ya tangi, kwa kijiti, ardhini, na nilipata zote isipokuwa moja.

Kuna mtu anakuja koridoni. Ndara ya kushoto inaburuza, ni baba, ametoka zamu ya asubuhi. Amesimama kwenye sanduku la vifaa. Anatafuta kitu kwenye droo.

Anakuja huku.

Atlasi iko katika mkono wangu wa kulia. Naweza kuiweka juu ya ukurasa huu kama nilivyofanya mara mbili, nami nitasema mito, naye atasema haya endelea. Ameshafika. Baba huwa habishi hodi, hukohoa.

Amekohoa. Nimeiweka atlasi chini ya kiti.

Baba Mkubwa, mimi ni wako, na bado nakupenda, hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Binti wa mdogo wako.

Ameuliza naandika nini. Naweka kalamu chini, nimgeuzie ukurasa, asome.